Wauza laptopu watuandikie kizazi, si i7 peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowakamua wazazi kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa. Ni habari ya kompyuta mpakato, hizi ambazo mtaani tunaziita laptopu, na hasa ile stika ndogo inayokaa pembeni mwa kibodi, iliyoandikwa i3, i5 au i7, yaani jina la prosesa, ile sehemu inayofanya kazi zote za kompyuta. Stika hiyo ndiyo inayouza laptopu hapa Moshi. Ndiyo iliyoniuzia na mimi.

Nina stesheneri mtaa wa Majengo, huu ni mwaka wa kumi na moja. Nachapa, natoa kopi, naskani vyeti, nabaindi ripoti. Wanafunzi wa vyuo huniita Mama Stesheneri. Ukifika msimu wa ripoti za fildi, meza yangu hupokea laptopu saba au nane kwa siku, kila moja mwenyewe amesimama nyuma yake akiomba iwake, itoe faili, alipe aondoke. Sikusomea kompyuta. Lakini mtu akiweka yake mezani, kabla haijamaliza kuwaka nimeshajua kama tutamaliza mapema au foleni itafika barazani.

Oktoba 2023 binti yangu mkubwa alipata nafasi ya chuo Arusha. Majibu ya mkopo yalikuwa bado, bumu halijulikani, nikachukua laki tano zangu za kikoba nikaenda dukani. Kwenye rafu kulikuwa na mbili zilizonivutia. Moja ndogo, nyembamba, ya kijivu, imeandikwa i5, bei 620,000. Ya pili kubwa, nyeusi, kioo cha inchi 15.6, imeandikwa i7, bei 480,000. Nikauliza mbona ndogo ndiyo ghali. Kijana wa dukani, mwenye adabu zake, akanijibu: "Mama yangu, ile wanalipia wembamba. Ukitaka nguvu chukua hii. Hii ni i7, ile ni i5." Nikachukua i7. Risiti ikaandikwa laptopu i7, moja, 480,000. Hakuna neno jingine.

Wiki ya tatu binti akanipigia. "Mama, nikiiwasha naenda kuoga, nikirudi bado inazunguka."

Alikuwa amepanga chumba Njiro. Asubuhi anatembea kidogo, anapanda daladala, anabeba ile laptopu na chaja yake kubwa kama tofali dogo. Kabla ya mwezi kwisha mkanda wa begi ulichanika pale unaposhikana na mfuko, akaushona kwa uzi wa viatu. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili: nzito. Laptopu ile ilikuwa nzito begani na nzito kazini.

Usiku mmoja wa Novemba alikuwa na kazi ya kutuma kwa mtandao kabla ya saa sita. Saa tatu umeme ukakatika. Betri ikadumu dakika ishirini na kitu, ikazima. Akaibeba mpaka kwa mwenye duka jirani aliyekuwa na sola na kiinveta kidogo, lakini chaja ile ni ya wati 90, kila akiichomeka kiinveta kinapiga kelele na kujizima. Alirudi chumbani akaandika upya kurasa mbili za mwisho kwenye simu, kwa kidole, akituma zikiwa zimebaki dakika nane. Alinisimulia asubuhi yake, sauti imekauka. Tangu siku hiyo jambo hili halijanitoka.

Desemba, kama ilivyo kawaida yetu, ukoo mzima ulipanda Kibosho kwa baba yangu kula Krismasi, na kila mtu alikuja na laptopu yake. Mdogo wangu wa kike, mwalimu wa sekondari Mwanga, alikuwa na HP EliteBook 840 G5 iliyotumika Ulaya, aliyoinunua 650,000. Mdogo wangu wa kiume anaongoza watalii Arusha. Yeye alikuwa na MacBook Air yenye prosesa ya M1, iliyotumika pia, kwa 1,700,000. Mtoto wa dada yangu alikuwa na laptopu mpya kabisa, inchi 14, imetoka kwenye boksi, prosesa ya Celeron N4020, baba yake alilipa 590,000. Na ya binti yangu ilikuwepo. Tarehe 27 mchana, mvua inanyesha, nikasema leo tuzipime.

Baba ana mizani ya kuning'iniza aliyokuwa akipimia kahawa. Tukatundika kikapu, tukaweka kila laptopu na chaja yake, kwa sababu mwanafunzi habebi laptopu akaacha chaja. Ya binti ilivuta mshale ukapita kilo 3. EliteBook na chaja yake haikufika kilo 2. Ya Celeron ilikuwa karibu sawa na hiyo. MacBook yenyewe ina kilo 1 na gramu 290, na chaja yake ndogo ya wati 30 haikuongeza la maana.

Kisha mwendo. Nilitumia faili ninalolijua kwa kulala na kuamka: ripoti ya kurasa 84 yenye majedwali na picha, iliyonitesa dukani mwezi ule. Saa ya simu ikaanza kuhesabu kutoka kubonyeza kitufe cha kuwasha mpaka faili lifunguke na herufi ya kwanza ikubali kuandikika. Ya binti, ile i7, dakika 4 na sekunde 10. Ya Celeron, dakika 1 na nusu, na ukishuka kurasa za chini picha zinakuja moja moja kama wageni waliochelewa. EliteBook, ile ya i5, sekunde 31. MacBook ilikuwa mbele ya zote kwa sekunde chache.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake anatutazama tu. Amelima kahawa tangu ujana wake. Akauliza, "Hiyo i7 ndiyo daraja lake?" Tukasema ndiyo, baba. "Na msimu wake ni upi?"

Hapakuwa na aliyemjibu haraka. Mdogo wangu wa kiume akaingia kwenye mipangilio, akasoma jina kamili la prosesa ya laptopu ya binti: i7-2620M. Akatafuta kwenye simu. Ilitoka kiwandani mwaka 2011. Binti yangu alikuwa darasa la pili. Akaangalia ile ya mwalimu: i5-8250U, ya mwaka 2017.

Baba hajui kompyuta, lakini swali lake ndilo ambalo mzazi yeyote angepaswa kuuliza dukani. Kahawa yetu ina madaraja, AA, A, B, PB na kuendelea, na mkulima anajua kwamba AA iliyolala ghalani miaka mingi haishindani na A ya msimu huu. Daraja bila msimu halimwambii mnunuzi kitu. Na i3, i5, i7 ni madaraja ndani ya msimu mmoja. Msimu wenyewe ndio kizazi, au kama vijana wanavyosema, jenaresheni. Kizazi kimeandikwa waziwazi kwa anayejua pa kutazama: ni tarakimu inayofuata baada ya kistari. i7-2620M ni kizazi cha pili. i5-8250U ni kizazi cha nane. Ikianza na 10, 11 au 12, ni cha kumi, cha kumi na moja, cha kumi na mbili. Hiyo i7 ya binti yangu ina viini viwili vya kufanyia kazi na hula umeme wa wati 35. Ile i5 ina viini vinne na imetengenezwa kwa wati 15. Kwa hiyo daraja la chini la msimu wa karibu linafanya kazi zaidi, linapata joto kidogo, na linalinda betri.

Hata ndani ya miaka ya karibu stika inadanganya. i7-7500U ya kizazi cha saba ina viini viwili tu. Mtu akikuwekea hiyo na ile i5-8250U mezani, chukua i5.

Nilirudi dukani Januari. Kijana alinikumbuka, akanipa kiti. Nilipomweleza akaniambia kwa upole kabisa: "Lakini mama, ulitaka i7 nikakupa i7." Ni kweli. Hakusema uongo hata neno moja, na hapo ndipo ninapoumia. Aliniambia nusu ya habari, na nusu aliyoificha ndiyo iliyokuwa na bei.

Fundi mmoja kijana karibu na stendi ndiye aliyeiokoa. Aliifungua mbele yangu, akatoa diski ya zamani akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na uzito wa kitu cha chuma. Akaniambia ndani yake kuna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kijimkono chenye sindano kinachokimbia huku na huko kutafuta faili, kama mtu anayetafuta jalada kwenye masjala isiyopangwa. Kisha akachukua SSD, diski ya kisasa, nyepesi, haina kinachozunguka, akaichomeka mahali pale pale. Akaongeza na RAM, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, kutoka GB 4 kuwa 8. Tulipoiwasha, faili langu la kurasa 84 likafunguka kwa sekunde 48. Laptopu ni ile ile, i7 yake ni ile ile. Mwenye laptopu ya zamani asikimbilie kununua nyingine kabla hajauliza kama diski yake ni ya kuzunguka. Hakuna shilingi inayorudisha uhai kwenye kompyuta kuliko hiyo.

Lakini piga hesabu pamoja nami, Mhariri. Laptopu 480,000. SSD 70,000. RAM 35,000. Betri nyingine 85,000. Jumla 670,000, na bado ina kilo zake zile zile. Ile i5 ya kijivu niliyoiacha kwenye rafu ilikuwa 620,000. Wazee walisema rahisi huvunja upishi.

Na kuna jambo ambalo pesa yangu haikuweza kulinunua. Windows 11, kwa masharti ya Microsoft wenyewe, inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Windows 10 ilimalizika huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Laptopu za kizazi cha sita na cha saba, ambazo zilikuwa nzuri tu, sasa zimeachwa nje ya mlango, na ofisi za Ulaya na Marekani lazima zitaziondoa mezani. Nahofia sana kwamba nyingi zitaishia kwenye rafu zetu zikiwa zimesuguliwa zinang'aa, na stika ya i7 juu yake. Kwa anayenunua leo, mstari wangu ni kizazi cha nane. Chini ya hapo bei iwe ya chini kweli kweli, na mnunuzi awe ameambiwa. Mtu anayeweza kutumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, anaweza kuiongezea maisha laptopu ya zamani, nami nimeona vijana wawili wakifanya hivyo vizuri, lakini si kila mwalimu wa chuo atapokea kazi iliyopangwa kwenye programu tofauti na ya kwake.

Sasa niseme juu ya neno "mpya", kwa kuwa wazazi wengi wakisikia mtumba wanaogopa, wanakimbilia boksi. Ile ya mtoto wa dada yangu ilikuwa mpya, ina waranti, ina harufu ya kiwandani. Celeron N4020 ina viini viwili, RAM GB 4 imechomewa kwenye bodi, na hifadhi yake ni GB 64, nayo imechomewa. Windows 11 yenyewe inataka hifadhi isiyopungua GB 64. Maana yake umenunua chumba ambacho mwenye nyumba amekijaza makochi yake kabla hujaingiza godoro. Mwaka wa pili ilikataa kupokea masasisho kwa kukosa nafasi, akawa anafuta picha za mahafali yake ya kidato cha sita ili apate pa kuweka notisi. Fundi alipoifungua alitikisa kichwa: hakuna pa kuongeza chochote. Kwa 590,000 mpya ya namna hiyo, mimi naona bora 650,000 iliyotumika lakini imezaliwa na nguvu.

MacBook ya mdogo wangu ni mashine safi, nalisema bila kusita. Haina hata feni. Anashinda porini, anarudi kambini kupanga picha za wageni, betri bado ipo. Kwa mtu wa kazi yake bei ile imerudi. Kwa mwanafunzi wa kwetu nina mashaka. Ina matundu mawili ya USB-C na la spika za masikioni, basi. Wanafunzi wakija kwangu na flashi mkononi wenye laptopu za namna hiyo wanaanza kuazimana adapta. RAM na hifadhi zimeunganishwa moja kwa moja, kikiharibika kimoja huendi sokoni Mbuyuni ukarudi nacho. EliteBook ile ina tundu la HDMI la kuunganisha projekta siku ya kutetea utafiti, ina matundu ya USB ya kawaida, ukigeuza ukafungua skrubu unaongeza RAM mwenyewe. ThinkPad T480 nayo iko hivyo, na ina betri mbili, ya ndani na ya nje, unabadilisha ya nje huku inawaka. Kwa sehemu zenye umeme wa kusuasua sijaona inayoifikia. Dell Latitude 7490 ni ya kundi hilo hilo. Zote tatu kwa kawaida ni za kizazi cha nane, inchi 14, na zilitengenezwa kwa watu wa maofisini wanaozibeba kila siku. Wanaochora majengo na wanaokata video watafute zenye kadi yake ya picha, na wakubali uzito na chaja nene. Hao ni wachache.

Naongeza la kibodi, maana mnunuzi huligundua akishafika nyumbani. Baadhi ya laptopu zinazotoka Ujerumani zina herufi Z mahali pa Y, na Y mahali pa Z. Mwingereza atalizoea. Sisi Kiswahili chetu ni "ya" na "za" kila mstari. Nimewahi kupokea ripoti ambayo kila "kazi za" imekuwa "kayi ya", na mwanafunzi alikaa usiku kucha kusahihisha. Kabla ya kulipa, andika jina la mtaa wako na sentensi mbili za Kiswahili.

Nimewaachia betri mwisho kwa sababu ndiyo inayofichwa kuliko vyote. Laptopu iliyotumika huonyeshwa ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Ikionyesha asilimia 100, mama wa watu anafurahi. Asilimia 100 ya nini? Windows inajua jibu. Tafuta neno cmd, kitafunguka kidirisha cheusi, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakuambia ripoti imehifadhiwa wapi, ifungue. Kuna mstari wa uwezo ambao betri ilitengenezwa nao, na chini yake mstari wa uwezo uliobaki ikijaa. Ya binti yangu ilitengenezwa na miliwati-saa 60,000. Zilikuwa zimebaki 14,500. Chini ya robo. Ya EliteBook ya mdogo wangu ilikuwa 50,000, zimebaki 40,600. Kazi hiyo inachukua dakika moja, na muuzaji yeyote anaweza kuifanya asubuhi kabla hajafungua mlango. Ukitaka kujua kama diski ni SSD, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, utaona imeandikwa pembeni ya jina la diski.

Najua wauzaji watasema mteja hataki maneno mengi, anataka bei. Mimi pia ni mfanyabiashara, na sikubaliani nao. Akina mama wa Moshi wakienda soko la Memorial wanageuza blauzi ya elfu tatu ndani nje, wanatazama kwapa, wanavuta zipu mara mbili, wanaangalia pindo. Hatununui ovyo. Kwenye laptopu tunanyamaza kwa sababu hatujui kwapa liko wapi, na anayejua ndiye anayeuza.

Ninachoomba ni karatasi ndogo. Kwenye kila laptopu iliyo dukani, mpya au iliyotumika, pawe na namba kamili ya prosesa na kizazi chake, kiasi cha RAM na kama inaongezeka, aina ya diski, na betri imebaki asilimia ngapi. Maneno hayo hayo yaandikwe kwenye risiti, ili mtu akirudi awe na cha kushika mkononi. Mizani ya muuza nyanya Mbuyuni inakaguliwa na Wakala wa Vipimo, na fungu lake ni la elfu mbili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Naiomba Tume iangalie kama kumuuzia mzazi "i7" bila kumwambia ni ya mwaka gani si kumpotosha. Na maofisa wa biashara wa manispaa zetu, Moshi na Arusha, wanaweza kuanza na hili kesho bila kusubiri sheria mpya, kwa kupita tu madukani na kuzungumza.

Inawezekana, kwa sababu nimeliona likifanyika. Yule fundi wa karibu na stendi sasa anauza chache. Juu ya kifuniko cha kila laptopu anabandika utepe mweupe wa karatasi, anaandika kwa kalamu ya wino mzito: i5, kizazi cha 8, RAM 8 inaongezeka, SSD 256, betri 81. Mwezi uliopita nilinunua moja kwake ya kutumia dukani. Sikumuuliza swali hata moja, na sikuomba punguzo. Niliiwasha, nikafungua faili langu la kurasa 84, nikafungua kile kidirisha cheusi. Betri ilikuwa 81.

Binti yangu yuko mwaka wa tatu, bado anatumia ile nyeusi, na safari hii ya pili ya fildi nimempa hii ya dukani abebe. Mimi nimebaki na nzito.

Kwa mwanafunzi au mzazi anayetaka kununua na hajui pa kuanzia: mwambie muuzaji akuruhusu uje nayo hapa Majengo kabla hujalipa, au nipigie video ukiwa dukani nikuelekeze pa kubonyeza. Namba yangu ya simu nimeibandika mlangoni. Sitozi kitu. Nafungua saa mbili asubuhi, nafunga saa moja jioni, Jumapili sipo.

Mama Stesheneri,
Majengo, Moshi